Nilivyokuwa Kichwa cha Mtihani

Ilianza Alhamisi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Joto la Kasese lilikuwa limewafukuza uwanjani wote wenye akili zao. Nilichungulia kwenye mlango wa saluni ya chuo na kuuliza, kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuisikia vizuri, "Bado mnatafuta vichwa?"

Ngoja nieleze. Chuo chetu kinafundisha kazi za mikono, nami nilikuja kusomea uhazili baada ya kumaliza Senior Four, yaani kidato cha nne. Mtu mwenye aibu hukijua chuo kuliko wenzake, kwa sababu hapiti njia kuu. Wengine hupita katikati, wakisalimiana na kugongana mabega. Mimi hupita nyuma ya jiko, nyuma ya karakana ya useremala, kando ya tangi la maji, na huko nyuma ndiko kwenye mambo. Wanafunzi wa uokaji wakikata kando za mikate, ukija na bakuli lako wanakujazia bila kukuuliza jina. Hilo la kutoulizwa jina ndilo lililonivuta. Wale wa umeme wana meza ya kuchajia simu, mradi usinung'unike wakiichomoa yako ili wapime waya. Wa ushonaji watakupunguzia sketi bure, ila ukubali pindo litakavyotoka. Langu linapanda upande wa kushoto kama barabara ya kwenda Kyondo kule milimani. Maktaba nayo ina chumba cha pili ambacho kila mtu anadhani kimefungwa. Hakijafungwa. Unainua mlango kidogo kwa goti, unasukuma. Ndani kuna dirisha linalotazama milima, na upepo wa kukutosha peke yako.

Saluni ndiyo niliyochelewa kuigundua. Haina kibao, na mlango wake unatazamana na ukuta wa vyoo. Wanafunzi wa urembo wanasuka bure humo, kwa kuwa wao ndio wenye shida: mtihani wa vitendo ukikaribia, kila mmoja lazima apate mtu wa kusuka, na nywele za mtu huyo ziwe hazijaguswa na dawa ya kulainisha.

Zangu zilikuwa hazijaguswa na chochote. Sekondari tulinyolewa kila muhula ulipofunguliwa, wasichana kwa wavulana. Sasa zilikuwa zimeota kama majani baada ya mvua, nami sikujua zinafanywaje. Nilizifunga kitambaa, nikawaambia wenzangu bwenini kwamba ndivyo ninavyopenda.

Aliyenijibu pale mlangoni alikuwa msichana wa Bwera, wa mwaka wa pili. Kwao ni karibu kabisa na mpaka wa Kongo, na Kiswahili chake kimevuka mpaka huo mara nyingi.

"Ingia! Weye iko wapi siku yote hii?" Akanivua kitambaa kabla sijaamua kama nimeruhusu. "Mama yangu! Angalieni hii nywele, haijaona dawa hata siku moja. Kesho weye ndio kichwa yangu ya mtihani. Leo tunajaribu. Kaa."

Nikakaa. Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia ni kambini, baba ni askari.

"Aa, mutoto ya afande! Basi iko nguvu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa sikujua. Kambini tulinyolewa kwenye benchi moja refu, watoto wote wa mstari ule wa nyumba, na kinyozi alikuwa na wembe butu na haraka zake. Aliyelia aliitwa raia. "Raia huyo! Mpelekeni kwa raia wenzake!" Watu wazima walicheka, na jina lilikuganda wiki nzima. Nilijifunza kutazama mbele na kufikiria maandazi.

Kwa hiyo msichana wa Bwera alipovuta mstari wa kwanza hadi nyusi zikapanda, nilitazama mbele. Alipouliza, "Iko sawa?" nikasema, "Hakuna shida." Mstari wa pili, hakuna shida. Mstari wa nne machozi yalijaa, nikajifanya napiga chafya. Alipomaliza, kweli mistari ilikuwa imenyooka, inang'aa. Akazunguka kiti akijipigia makofi. "Muhula muzima nasukia kichwa ya plastiki," alisema, "lakini hii ni ya mutu!"

Nilitoka nikiwa siwezi kufumba macho sawasawa.

Jioni, kabla ya chakula, nilikuwa kwenye foleni ya maji. Mwalimu wa urembo alipita, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili. Ni mama mnene, mpole, anayevaa viatu vya mpira. Alinishika kidevu na kuninyanyua uso. Paji lilikuwa limeota vipele kandokando ya nywele, kama mtu aliyeumwa na siafu kwa kupangwa.

"Nani amekufanyia hivi?"

Aliita kuelekea saluni kwa sauti iliyofika barabarani, na msichana wa Bwera akaja akikimbia na chanuo kichwani.

"Mtihani ni kesho," mwalimu akamwambia. "Mtahini akiona paji kama hili, hatatazama mistari yako. Utarudia muhula. Una mkono mzito, na sijui kwa nini hukuujua mpaka leo."

Mwalimu alipoondoka, msichana wa Bwera alinitazama. Sikutegemea angekasirika vile, maana tangu mchana alikuwa mtu wa kucheka tu.

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilidhani inatakiwa kuuma."

"Nilikuuliza! Kila mustari nakuuliza, iko sawa, weye, hakuna shida, hakuna shida! Weye iko sawa na ile kichwa ya plastiki. Kama nataka kichwa ya plastiki, niko nayo!" Akageukia ukuta kidogo, kisha akasema taratibu zaidi, "Mama yangu iko nauza maharage pale soko ya mpaka, Mpondwe, ili nisome. Nikirudia muhula, sitarudi. Unasikia? Feza haiko."

Nilisikia. Tuliketi kwenye ngazi ya saluni, akafumua mstari mmoja baada ya mwingine na kunisugua mafuta ya nazi kwa ncha za vidole. Nikamwambia atafute mwingine. Akasema bweni zima wameshatia dawa, na kwamba sheria ni moja tu: kichwa hakiruhusiwi kumfundisha msukaji kazi, ila kinaruhusiwa kusema kinachosikia, kama mteja yeyote.

"Basi utasema," akaniambia.

"Nitasema."

"Sema sasa, nisikie."

"Inauma," nikasema.

"Hata inzi hakusikia."

Tukajaribu mpaka kengele ya chakula. Sauti yangu haikupanda kabisa. Mwisho akacheka, na nadhani alicheka kwa kukata tamaa.

Asubuhi iliyofuata viti vilipangwa safu moja, na vipele vyangu vilikuwa vimeshuka. Mtahini alikuwa mama mrefu mwenye miwani, aliyetoka mbali, asiyetabasamu. Chumba kilikuwa kimya hata ukasikia machanuo. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili pia. Wa tatu, nyuma ya sikio la kushoto, mkono ulirudia mazoea, na ngozi ikavutika. Nikatazama mbele. Nikaanza kufikiria maandazi. Nikawaza, nikisema mbele ya huyu mama, nitakuwa nimemchongea msukaji wangu. Halafu nikauhisi mkono wake: ulikuwa umesimama kwenye mstari, unasubiri.

"Legeza hapo nyuma!"

Ilitoka kwa sauti ya baba yangu akiwa kwenye gwaride. Machanuo yote yalisimama. Mtu mmoja mwisho wa safu akajibu, "Ndiyo, afande!" na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, mimi nikitamani sakafu inimeze.

Msichana wa Bwera hakucheka. Alilegeza, akaupapasa ule mstari kwa kidole, akaniinamia. "Sasa?"

"Sasa iko sawa."

Mtahini alikuwa ameshafika kwenye kiti chetu. Alibonyeza nyuma ya sikio langu, kisha kwenye paji. "Aliumiza?"

"Aliumiza," nikasema. "Nilipomwambia akaacha."

Akaitikia kwa kichwa, akaandika, akasogea kiti cha pili, ambako msichana mwenye macho yaliyojaa machozi alikuwa akimwambia msukaji wake kwamba hakuna shida.

"Muzuri, mutoto ya afande," ikanong'ona sauti nyuma yangu. "Tuendelee?"

"Tuendelee," nikamwambia, "lakini na huu wa kulia ulegeze."