Nilimpeleka baba mkwe mtarajiwa kwenye mgahawa wa sahani saba Kasulu, sahani nne zikarudi jikoni hazijaguswa

Wakuu, poleni na majukumu. Hii siyo chai, imenikuta mwenyewe Jumamosi iliyopita na mpaka naandika hapa bado sijakaa sawa.

Mimi ni mwalimu, kwetu Singida, kituo cha kazi Kibondo, mwaka wa nne sasa. Mchumba wangu ni mwalimu mwenzangu, Muha wa Heru Juu pale Kasulu. Barua ya posa nilishapeleka. Ikakaa kwa baba yake wiki tatu bila jibu.

Halafu mzee akanipigia mwenyewe. Kabla hajajibu anataka tukae mezani, mimi na yeye tu, anitazame.

Sasa mnajua mwanaume akitaka kuonekana.

Kasulu mjini kuna mama alipika miaka mingi kwenye hoteli za watalii Arusha, karudi nyumbani kafungua mgahawa wake. Meza sita tu. Huendi pale kuagiza wali nyama. Unapiga simu siku mbili kabla, ukifika anakuletea sahani saba ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, za vitu vya msimu huo. Masika ana yake, kiangazi ana yake. Wateja wake wengi ni wafanyakazi wa mashirika wanaotoka kambi ya wakimbizi ya Nduta.

Nikasema hapa hapa.

Saa saba mchana tumekaa. Mzee kavaa koti, kofia kaiweka mapajani. Shikamoo imeitikiwa vizuri, tumeongea mvua na maharage.

Sahani ya kwanza ikaja. Kubwa, nyeupe, katikati vipande viwili vya uyoga na matone ya mawese pembeni. Weita akaeleza, akaondoka.

Mimi nimelelewa kwamba mdogo hagusi chakula kabla ya mkubwa. Nikatulia nisubiri mzee aanze. Mzee naye katulia, ananiangalia. Nikamtabasamia.

Zikapita kama dakika kumi. Mzee akampa weita ishara aondoe. Nikajua hapendi uyoga.

Ikaja ya pili, kipande cha samaki mgebuka cha ukubwa wa kiberiti. Nikamwambia, "Karibu, Baba." Akajibu, "Ahsante." Akakaa vilevile. Ikaondoka.

Ya tatu sombe, yaani kisamvu. Ikaondoka.

Ya nne donge la ugali wa muhogo na kumbikumbi juu yake. Ikaondoka. Asubuhi sikuwa nimekula kitu ili nije kula vizuri, tumbo linaunguruma mpaka naona aibu. Niliona kabisa ndoa yangu inabebwa na zile sahani.

Yule mama akatoka jikoni na aproni yake, kidogo alie. "Mzee wangu, chakula changu kina kosa gani?"

Mzee akamjibu kwa Kiha, taratibu. Sikuelewa neno, ila nilimwona mama anajishika mdomo. Akanigeukia.

"Mwalimu, wewe umeonja?"

"Namsubiri Baba aanze."

"Huku aliyekualika ndiye anaonja kwanza, mgeni akiona. Umemwekea mtu chakula halafu umekaa unamwangalia. Unadhani anawaza nini?"

Wakuu, saa nzima mzee wa watu amekaa pale akiamini nimemwekea sumu. Na mimi kila sahani natabasamu.

Nikamweleza mzee kwamba kwetu kumtangulia mkubwa ni kumdharau.

Mzee akauliza, "Kwa hiyo ungekaa na njaa mpaka lini?"

"Mpaka ule, Baba."

"Basi binti yangu hatakufa kwa sumu. Atakufa kwa njaa."

Mama akacheka.

Sahani ya tano nikaonja mbele yake. Mzee akavuta ya kwake akala. Ya sita akala. Ya saba, ndizi na asali ya Kibondo, akauliza kama zile nne zinaweza kurudi. Jikoni walishazila.

Tulipotoka nje nikamuuliza kilichokuwa kinanisumbua. Kama aliamini hivyo, kwa nini hakunyanyuka akaondoka?

Akavaa kofia kwanza.

"Binti yangu amekupenda. Kila sahani ikija nilikuwa namwomba Mungu uonje."

Akapanda bodaboda. Kabla haijaondoka akasema niwaambie wazee wangu waje.

Nilichojifunza ni kwamba heshima uliyofundishwa kwenu, kwa mwenzako inaweza kuwa kitu cha kutisha, na atakaa kimya asikwambie. Ukienda ukweni uliza hata vitu vinavyoonekana vya kijinga. Mimi miaka minne nafundisha huku na sikuwahi kuuliza nani anaanza kula.

Waliooa mbali na kwao, hebu wekeni hapa mlipokosea bila kujua. Na Waha mliomo humu, kama kuna kingine sikijui, niambieni kabla baba yangu hajafika.