Presha ya Fundi Stambuli

Fundi Stambuli, mshona nguo wa Mafiga, hakuogopa ukoma, aliogopa majirani. Nesi Yasmin alipomweleza kwamba mabaka ya mgongoni na ganzi ya vidole ni ukoma, na kwamba unapona kwa vidonge vya bure, kila siku, mwaka mzima bila kuruka, fundi aliuliza jambo moja tu.

"Pakiti imeandikwa ukoma?"

"Majina ya dawa tu."

"Basi afadhali."

Nyumbani akatangaza kuwa ana presha. Mtaani pale presha si ugonjwa, ni cheo. Wenye presha ni wahadhiri wa Mzumbe na watu wenye magari. Mara mpunguza suruali akawa anawekewa kiti cha mbele misibani. Hata vidonge vilipoifanya ngozi yake iwe nyeusi, watu walisema maskini, ni mawazo ya mtu mkubwa. Mwenyewe akaanza kutembea polepole.

Taabu ni kwamba majirani wale huazimana kila kitu: chumvi, pasi, ngazi, hata dawa. Mzee Deogratias, karani mstaafu mwenye presha ya kweli, akaishiwa vidonge, akaja kuazima kwa fundi. Fundi angemkatalia vipi bila kuumbuka? Akampa dozi ya siku hiyo, yeye akalala bila. Ikawa hivyo siku tisa.

Kliniki, Nesi Yasmin akakigusa kidole cha mwisho cha fundi kwa ncha ya kalamu. Fundi hakusikia kitu.

"Mwezi uliopita ulisikia. Ukiendelea kuruka, kitajikunja, na vingine vitafuata. Mkasi utaushika na nini?"

Fundi akarudi nyumbani. Jioni, baraza imejaa wateja, mzee akafika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo nipe mara mbili, kichwa bado kinagonga."

"Siwezi, mzee. Si dawa ya presha. Ni ya ukoma, na ninayeumwa ni mimi."

Mteja mmoja, Mama Sabra, akachukua kitenge chake na pini zake zote. Wengine wakakumbuka kwamba wameacha vyungu motoni. Hakuna aliyeaga.

Alibaki Mzee Deogratias. Alishameza dawa yenyewe, angekimbilia wapi?

"Umekosa siku ngapi kwa ajili yangu?"

"Tisa."

Mzee akauchukua mkono wa fundi, akautazama.

"Mwanangu, kumbe nilikuwa nakula vidole vyako."