Miche Mitatu ya Michungwa

Baba yao alikufa bila wosia, na tangu hapo fundi cherehani na mdogo wake wa kiume walisalimiana kupitia kwa mawakili. Fundi alitaka abaki na nusu ya kiwanja, ile yenye chumba cha mbele anamoshonea tangu ujana wake. Mdogo wake alitaka kiuzwe chote. Hakimu akatoa amri: mpaka hukumu itoke, asijenge mtu, asiuze mtu, asipande mtu hata mche. Atakayekiuka atakaa nje ya kiwanja.

Kwa hiyo mdogo wake alipofika na miche mitatu ya michungwa, tabasamu sikio hadi sikio, fundi hakusimamisha cherehani.

“Ya nini hiyo?”

“Kivuli, dada. Unaungua na jua hapo mlangoni, nakuonea huruma.”

“Huruma imeanza lini? Juzi tu wakili wako kaniita mvamizi.”

“Ah, dada nawe. Yale ni maneno ya mahakamani.”

Akaiacha chini kando ya ukuta, ikiwa kwenye mifuko yake ya plastiki, akaenda zake.

Fundi aliigeuza ile zawadi kichwani kama kitambaa chenye doa. Akiitupa, ataambiwa ameharibu mali ya mtu. Akiipanda, amejifukuza mwenyewe. Basi ikae palepale. Lakini majani yalipoanza kulegea, roho ilimsuta, akawa anaimwagia maji kila asubuhi.

Miezi kadhaa baadaye, siku mahakama ilipokuja kukagua kiwanja, mdogo wake alinyoosha kidole hata kabla ya salamu.

“Mheshimiwa, dada amepanda.”

Fundi aliinama ainue mfuko mmoja, waone kwamba haikupandwa. Haukuinuka. Mizizi ilikuwa imetoboa plastiki na kuzama ardhini.

“Umepanda?” hakimu aliuliza.

“Sikupanda, mheshimiwa. Nilimwagilia. Namshuku aliyeileta, miche yenyewe haijanikosea.”

Karani alikohoa kuficha kicheko. Hakimu akamgeukia mdogo mtu.

“Uliileta wewe? Na amri unaijua?”

Mdogo mtu alimtazama wakili wake. Wakili alikuwa ameshughulika kutazama bati la paa la jirani.

“Aliyeileta aiondoe leo,” hakimu akasema. “Fundi abaki chumbani kwake hadi hukumu.”

Hukumu yenyewe ilikuwa bado mbali. Watu walipoondoka, mdogo wake aliomba jembe kwa sauti ya chini. Fundi akampa, akavuta kigoda mlangoni, akakaa kumwangalia akichimbua. Kwa mtu kama yule, hata kung'oa kungeweza kuwa na mpango wake.