Mkojo wa Mama Mkwe

Mimi mtu wa Mwanza, ualimu ndio ulionileta Kitangari, nikaoa huku huku. Na huku mkwe ni mkwe: mama mkwe wangu akitokea njiani nashuka baiskeli, shikamoo, macho chini, basi. Sasa niambie, mtu wa namna hiyo unamuulizaje habari za mkojo?

Mke wangu alikuwa msibani Masasi. Mama mkwe akabaki nyumbani kwetu anabangua korosho, mafuta ya maganda yakamchoma kiganja, kidonda kikatunga usaha. Akasema kitapona tu. Asubuhi moja nikamkuta mkekani anatetemeka kwa homa, anaongea ovyo, anahema juu juu. Weee! Nikakodi bajaji mpaka hospitali Newala.

"Amekojoa mara ya mwisho lini?" daktari akaniuliza mimi.

Macho yangu yakaenda chini, kama kule njiani. Daktari, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, akanijia juu. "Shikamoo mzee, lakini aibu iache nje. Bakteria wa kidonda wameingia kwenye damu. Presha imeshuka, figo hazipati damu ya kutosha, zinaumia. Zikizima kabisa, tunampoteza."

Tunampoteza! Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nisamehe sana. Umekojoa lini?"

Akili ikamrudia kidogo, akageukia ukutani. "Tangu jana asubuhi, baba, hata tone," akanong'ona.

Wakamtundikia dripu, dawa za kuua bakteria zikapita kwenye mshipa, wakamwekea mpira wa mkojo na mfuko wake ukining'inia kitandani. Mtupu. Jamani, matokeo ya kidato cha nne hayajawahi kunitoa jasho kama mfuko ule! Kila nesi akipita namsihi, "Hebu tazama tena." Nilimpenda yule mama, na niliogopa.

Kesho yake mchana, kitu cha rangi ya chai ya rangi kikateremka kwenye mpira. Kidogo. Halafu kikaja tena, kikaendelea kuja, mfuko ukaanza kujaa. Niliruka! Nikampigia mke wangu hapo hapo: "Mama amekojoa! Nakwambia amekojoa!" Wodi nzima ikageuka, wanawake wakapiga vigelegele.

Ndipo nikakumbuka niko mbele ya nani. Mama alikuwa amejifunika khanga gubigubi, mabega yanamtikisika. Nikajua nimemuudhi, nikaanza kuomba radhi. Kumbe anacheka.

"Mkwe," akasema humo humo ndani ya khanga, "mbona humwambii kwamba ni mwingi?"