Isihaka Mhamisha Harusi

Mwaka 2014, Kibondo nzima ilikuwa na mtu mmoja tu wa kuitoa harusi yako kwenye mkanda wa zamani na kuiingiza kwenye memori kadi, uitazame kwenye simu. Mtu huyo ni Isihaka, na ukimsahau atakukumbusha mwenyewe. Kibanda chake nyuma ya soko alikiandika "Studio ya Kimataifa", ingawa umeme ukikatika, mataifa yote yaliishia kwenye kibatari.

Kuhamisha alijua, tusimnyime haki yake. Kamera ileile aliyopigia harusi tangu miaka ya tisini aliiunganisha na kompyuta kwa waya, akaifuta kichwa cha kusomea mkanda kwa spiriti, akaipiga kofi la ubavuni, picha zikaja. Balaa ni kwamba hakuridhika kuhamisha. Lazima apambe! Maua yadondoke, makopa mekundu ya mapenzi yapae, na popote mtu anapoongea, sauti izimwe, uwekwe muziki. "Harusini watu wanaropoka sana," alisema. "Nani ana muda wa kusikiliza wazee?" Na mkanda wako hurudishiwi. Mikanda mipya ilikuwa haipatikani tena, si Kasulu si Kigoma mjini, kwa hiyo wa kwako alirekodia juu yake harusi ya Jumamosi inayofuata.

Basi akaja Esteri, mama wa makamo kutoka Busunzu, na mkanda wa harusi yake ya mwaka 1998, aliyoipiga Isihaka mwenyewe, kaufunga ndani ya kitenge.

"Kaka Isihaka, nataka pale tu baba anapozungumza. Siku ile alisimama mbele ya watu akanipa shamba la bondeni. Sasa baba hayupo, na kaka yangu Venanti anasema sikupewa hata tuta. Waliosikia wengine wamekufa, waliobaki wananywea pombe kwa Venanti. Baraza la ardhi linataka ushahidi."

"Dada, umefika," Isihaka akajipiga kifua. "Nitakuwekea mpaka ulie."

Siku ya baraza alikuja mwenyewe kwa bodaboda, kompyuta mapajani, shati limepigwa pasi. Wajumbe wakasogea. Kwenye kioo marehemu akasimama, akanyoosha kidole kuelekea bondeni, akafungua mdomo, na mwimbaji wa taarabu akaanza kumsuta mke mwenzake. Makopa yakapaa. Dakika nne mzee wa watu anagawa shamba, dakika nne taarabu. Mjumbe mmoja akajisahau akaanza kutikisa bega.

"Sauti ya baba iko wapi?" Esteri akauliza.

"Ilikuwa na upepo, dada. Nikaisafisha."

"Na mkanda wangu?"

Isihaka akakohoa. Kwenye mkanda ule sasa alikuwemo Omary muuza mitumba akilishana keki na mke wake wa pili.

Mwenyekiti wa baraza hakukata tamaa. "Bwana Isihaka, siku ile ulipiga picha wewe, spika masikioni. Ulimsikia mzee kuliko sisi wote. Alisema nini?"

Masikini, alijaribu kwa dhati. Alikumbuka jua lilivyokuwa kali, akamkumbuka na nzi aliyekaa kwenye lenzi. Maneno ya mzee, hata moja!

"Mheshimiwa," akasema, jasho likimtoka, "mimi huwa naangalia betri."

Shamba likaenda kwa Venanti. Nje ya ofisi Esteri alimfuata Isihaka, naye akajikunyata akingoja matusi. Hakutukanwa.

"Hata kukohoa kwa baba hukuacha?" mama yule akauliza, akilia waziwazi.

Fundi wa kimataifa akakumbatia kompyuta yake, akapanda bodaboda. Roho ilimuuma, nami nasema ilistahili kumuuma zaidi ya hapo. Alikaa siku mbili bila kupamba harusi ya mtu.

Siku ya tatu Venanti akaingia studio, kafurahi huyo, akitaka nakala kumi za harusi ya dada yake awagawie ukoo.

"Ulivyoiweka ndivyo hivyohivyo," akasisitiza. "Usirekebishe kitu."

Isihaka akavuta kiti, akawasha kompyuta. Hatimaye, akajiambia, amepata mteja anayeijua kazi.