Siku Salma Alipotupigia Filimbi Bagamoyo

Enzi zetu pale Manzese dawati moja tulikaa wanne, na wa mwisho alikalia upande mmoja tu wa makalio, mguu mmoja ukiwa nje kumzuia asidondoke. Mvua ikinyesha, bati lilipiga kelele mpaka mwalimu anaacha kusema anaanza kuandika. Nyie mliokua wakati ule mnajua. Mnajua mchakamchaka wa alfajiri, mnajua kukaguliwa kucha mstarini, mnajua uji wa saa nne uliokuwa mwepesi kama chai na bado tukaugombania. Lakini sidhani kama wengi mlibahatika kuwa na mwalimu kama Mwalimu Mkude.

Alitufundisha jiografia darasa la sita. Mrefu, mwembamba, suruali ya kaki iliyopigwa pasi ya mkaa mpaka mkunjo wake unakata. Ramani ya Afrika aliichora ubaoni bila kutazama kitabu, anaanzia Tunisi, anazunguka bara zima, anarudi Tunisi chaki haijainuka. Sie tulishangilia kama goli limeingia. Tulipofika somo la kupwa na kujaa kwa bahari, alisoma ukurasa mmoja, akafunga kitabu.

"Haya hayasomwi," akasema. "Haya yanaonwa. Jumamosi tunakwenda Bagamoyo."

Darasani mwetu alikuwepo Salma. Polio ilimkamata mguu wa kulia akiwa mdogo, akawa anatembea kwa magongo mawili. Mdomo wake haukuwa na polio. Ukimcheka, alikujibu jibu ambalo ulilala nalo. Mwalimu mkuu alisema Salma abaki, Bagamoyo kuna mchanga na matope, ataumia. Mwalimu Mkude hakubishana naye. Alikwenda mpaka kwa bibi yake Salma, kule nyuma ya soko, na mie nikiwa nimetumwa kumwonyesha njia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Wewe umechaguliwa kuja kuniambia asiende?"

"Hapana, bibi. Nimekuja kuomba aende. Kwenye mchanga nitambeba mwenyewe."

Bibi alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Mwalimu, wewe mwenyewe upepo ukikupiga unalala," akasema. Kisha akaingia ndani kuangalia kama unga wa chapati za safari unatosha.

Tuliondoka na basi la kukodi kabla ya jua. Baada ya Tegeta lami ilikwisha, likaanza vumbi, tukafika Bagamoyo nyusi zetu nyekundu. Chapati, mihogo ya kuchemsha na mayai vilishaisha tangu Bunju, maana nani angevumilia? Halafu tukaiona bahari imekimbia! Mchanga mtupu mbele yetu, umekunjamana kama mabati, na ng'ambo ya kijito kimoja cha maji ya chumvi, fungu kubwa la mchanga lenye mikoko. Kijito chenyewe kilifika vifundoni tu.

Mwalimu alimbeba Salma mgongoni, akamkalisha ukingoni mwa kile kijito. Akachomeka majini fimbo aliyoichora alama za rula. Akavua saa yake ya mkononi, akampa, akampa na filimbi.

"Kila dakika kumi unasoma fimbo, unaandika. Saa sita kamili unapiga filimbi, tunarudi. Nimeulizia, maji yanaanza kujaa saa hiyo."

"Na yakianza mapema?" Salma akauliza.

"Wewe ndiye mwenye saa," akajibu.

Tukavuka. Jamani, raha iliyoje! Tulishika mizizi ya mikoko iliyochomoza juu kama vidole, tukakimbiza kaa, tukaonja chumvi kwenye majani. Mwalimu alieleza, sie tunaandika kwenye madaftari yaliyolowa. Mie nilikuwa nimemwona kaa mwekundu, nimeshamwita wangu, filimbi ikalia.

Haikuwa saa sita hata kidogo. Jua lenyewe lilikuwa bado halijafika utosini.

"Anajisikia huyo, kapewa filimbi," nikasema kwa sauti, wenzangu wakacheka. Naandika haya na aibu ile bado ninayo.

Mwalimu hakucheka. Alitazama bahari upande wa mbele, imetulia, iko mbali vile vile. Mtu mwingine angesema tumalizie kidogo. Yeye akasema, "Kazi ni yake. Akipiga tunarudi. Shikaneni mikono."

Tulipogeuka ndipo tukaelewa. Maji hayakuwa yanatoka mbele. Yalikuwa yamezunguka pembeni, yanaingia kwa kile kijito nyuma yetu, kimya, kwa kasi. Kijito tulichokivuka kwa vifundo sasa kilikuwa kipana kama barabara. Ng'ambo yake Salma ameketi, maji yamemfikia kiunoni, magongo ameyabana kwapani yasichukuliwe. Angeweza kujivuta nyuma akakaa pakavu. Hakusogea.

"Njooni kwenye fimbo!" alipiga kelele. "Msipite kule, kule pana shimo! Kwenye fimbo!"

Mwalimu aliingia wa kwanza. Maji yalimfika mapajani, sie yalitufika kifuani. Alisimama katikati, akatupitisha mmoja mmoja, anatuhesabu kwa majina, hajakosea hata moja. Baadaye alituambia kuwa hajui kuogelea. Kiatu changu kimoja kilikwenda, na sikukiangalia. Wa mwisho alipofika, Mwalimu alimnyanyua Salma, tukakimbia wote mpaka juu kwenye nyasi, na tulipotazama nyuma, lile fungu la mchanga halikuwepo. Ilibaki mikoko, imesimama majini.

Mwalimu alikaa chini, akamwomba Salma atusomee daftari lake. Akasoma: kipimo cha kwanza, cha pili, cha tatu, vyote vinapanda. "Nilisubiri cha tatu nisije nikaambiwa muongo," akasema, akinitazama mie.

"Nilikosea saa," Mwalimu akasema mbele yetu sote. "Yeye hakukosea."

Jioni, wazazi wamejaa nje ya shule, alirudia maneno yale yale bila kujificha nyuma yetu. Baba mmoja alianza kufoka. Bibi yake Salma akamkata: "Ngoja kwanza. Kumbe huyu ndiye mliyetaka abaki?" Mwalimu mkuu akasoma viatu vyake.

Mwalimu Mkude alistaafu akarudi kwao Morogoro. Salma anafundisha jiografia sekondari, huko Temeke, na nasikia darasani kwake hakuna anayesinzia. Nilishamwomba radhi, ukubwani. Alisema, "Ulichelewa, lakini umefika."

Mwezi uliopita shule ya mwanangu, huku Kimara ninakoishi sasa, ilituma ujumbe kwenye kundi la wazazi: watoto watapelekwa ufukweni kujifunza. Simu ziliwaka moto. Kuna nesi? Kuna maboya? Jua je, watapakwa mafuta? Vijana wa leo wenyewe walitaka kujua jambo moja tu, kama huko mtandao unashika. Nilicheka, nikajiandaa kuandika kuwa sie tulikwenda na mwalimu mmoja na filimbi moja, tukarudi tunaijua bahari.

Kisha nikamkumbuka mama yangu siku ile, alivyoniona nashuka kwenye basi na kiatu kimoja, akasikia yote, na Jumatatu akaniamsha niwahi namba ya mstarini kama kawaida. Moyo ule mie sina. Nikafuta nilichoandika. Nikauliza mie pia: "Samahani, mwalimu, maji yatakuwa ya kina gani?"