Sahani ya Tini Nyeupe

Mwezi uliopita nilikwenda Mambrui kumwamkia ami, na ami, kwa kutaka nijue kwamba mambo yake yamemnyookea, akaniandalia tini. Zilikuja ndani ya kisanduku cha plastiki, kila moja imelazwa kwenye kishimo chake kama yai, na juu yake karatasi yenye jina la nchi ambayo ami mwenyewe hawezi kuitamka. Nilichukua moja nikaitia kinywani. Rafiki yangu, umewahi kutafuna sifongo ya kuoshea vyombo? Basi usijisumbue, nimekwisha kukutafunia. Ami alinitazama akingoja sifa. Nikamwambia ina baridi nzuri, maana ilikuwa imetoka kwenye friji, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyoweza kuitoa bila kusema uongo.

Kilichonichoma zaidi ni pale tulipokaa. Ami amezitia vigae nyua zote mbili za nyumba ile, akatandika nyasi za plastiki, akaweka na magudulia mawili yenye miti ya plastiki. Yupo kijana ameajiriwa kuifuta vumbi miti hiyo jani kwa jani. Nyumba hupangishwa wageni wa likizo, na wageni, asema ami, hawapendi majani yanayoanguka. Sijapata kumwona mgeni aliyekuja pwani kwa kukimbia majani, lakini ami anawajua zaidi.

Pale penye nyasi za plastiki palikuwa ua wa bibi yangu, mamake ami, aliyenilea. Palisimama mitini miwili. Mmoja ulizaa tini ndogo za hudhurungi, kavukavu, ambazo bibi hakuziheshimu hata kidogo. Alizianika darini, akaziita dawa, akawa anawapa watu waliofunga choo. Mtini wa pili ndio uliokuwa roho yake. Huo ulizaa tini nyeupe. Nyeupe ni jina tu, kwani zilianza kijani na zilipoiva zilikuwa na rangi ya samli, na ndani nyama yake ilikuwa nyekundu, tamu hadi meno yanashtuka.

Maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi, na bibi hakuyaamini. Mtini wake aliunywesha maji ya kuoshea samaki, na kazi ya kuyabeba ilikuwa yangu. Ua mzima ulinuka changu na tafi mpaka magharibi. Matunda yalipoanza kulainika tuliyavisha vipande vya leso kuukuu, moja moja, tukayafunga kwa uzi ili popo na kunguru wasituwahi. Mti ulionekana kama mtu aliyekatika vidole vyote akafungwa na daktari mmoja mwenye leso nyingi.

Kuonja nako kulikuwa na sheria. Tini haivutwi. Ikiiva huinama shingo yenyewe, na chini kwenye kitundu chake hutoka tone la asali. Ukiichuma kabla, utomvu wake utakuchubua midomo, na bibi atakucheka badala ya kukupaka mafuta. Kisu hakikuruhusiwa kukaribia. Tini hupasuliwa kwa vidole gumba, polepole. "Mwenye haraka na ale ndizi," alikuwa akisema.

Upande wa pili wa ukuta aliishi jirani, mjane, makamo ya mamangu hivi, mwenye mtini wake mmoja wa tini nyeusi. Zilikuwa kubwa, rangi ya zambarau bivu, na yeye aliunywesha maji ya mchele. Bibi alizidharau tini zile kwa moyo wake wote. Alisema zajaza mdomo na hazijazi roho. Jirani naye alisema za bibi zina maji na zanuka samaki. Siku mwalimu wa chuoni alipotufunza kwamba Mwenyezi Mungu ameliapia tunda la tini, nilikwenda mbio kumpa bibi habari. Akanijibu kwa utulivu kwamba hilo analijua, na kwamba iliyoapiwa ni nyeupe. Niliporukia kwa jirani kumfikishia, akaniuliza tangu lini bibi yangu amekuwa mwalimu.

Lakini msimu ukifika, sahani ilitembea. Ilikuwa sahani ya bati yenye ua la waridi katikati, na hata haikujulikana tena ni ya nyumba gani. Bibi alichagua tini zilizo bora kabisa, akazifunika kwa kawa, akanituma. "Mpelekee. Mwambie hizi ndizo tini, asije akafa hajui." Nami, mtoto mtiifu, nilizifikisha na maneno yake kamili. Jirani alipasua moja mbele yangu, akala amefumba macho. "Mwambie nashukuru," alisema. "Maji matupu." Kisha akachukua ya pili. Na kwa kuwa kwetu sahani hairudi tupu, aliijaza tini nyeusi na kunituma tena: "Mwambie hizi zina uzito, ale ameketi, asije akaanguka." Bibi alizila zote ameketi, akizitukana baina ya moja na nyingine. Sikumbuki hata mara moja kuachiwa.

Bibi alikuwa mkali wa kupogoa. Kila mwaka alikata matawi bila huruma, isipokuwa tawi moja lililovuka ukuta na kuingia kwa jirani. Nilimuuliza mbona hilo halikati. "Liache limmwagie majani," alisema, "apate kazi ya kufagia." Nilimwona mjanja kupindukia. Nilipokuwa mkubwa nilikuwa nikiwasimulia watu kisa hicho kama mfano wa dharau iliyokomaa.

Bibi alipofariki nilikuwa nikifanya kazi Nairobi. Nilikuja maziko, nikakaa hadi hitima, nikarudi kazini. Nilipokuja tena ami alikuwa amekwisha kuing'oa mitini yote miwili, hakubakisha hata kijiti. Alisema mizizi ingepasua tangi la maji. Nilimuuliza kama hakufikiria kuniwekea tawi moja nipande. Akasema tini zauzwa dukani. Tangu siku ile namdharau, na sioni haya kukuambia.

Nimejaribu kuupata mtini ule. Nina kishamba Tezo, na nimepanda humo kila mche wa mtini niliouziwa na watu wenye maneno mengi. Mmoja niliambiwa ni mweupe, ukazaa vitu vya kijivu visivyo na ladha ya kusimulia. Mwingine ulizaa tini nzuri za kutazama, nikazionja, nikawaita mbuzi. Rafiki yangu wa Ganze, kwa kunihurumia, aliniletea kuyu za porini. Kuyu sizisemi sana. Ukiipasua unakuta wadudu wamo kikaoni, na mmoja anakutazama kama wewe ndiye uliyeingia bila hodi.

Basi siku ile kwa ami nilimeza ile sifongo, nikaaga, nikaona si vizuri kupita mlangoni kwa jirani bila kumwamkia. Nilimkuta barazani kwake, amekonda, macho yameingia ukungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe nani?"

"Mjukuu wa jirani yako."

"Yule wa maji matupu?"

"Huyo huyo."

 Akaniambia nichukue sahani jikoni, niende nyuma, nichume zilizoinama shingo tu. Nilikwenda nikitarajia tini nyeusi, na kweli mtini ule ulikuwapo, umezeeka kama mwenyewe. Lakini nyuma yake, kwenye pembe ambayo haionekani kutoka kwetu hata ukipanda ukutani, palikuwa na mtini mwingine, matunda yake yamefungwa vipande vya leso. Nilifungua kimoja. Rangi ya samli. Shinani udongo ulikuwa mbichi, na ulinuka samaki.

Niliipasua kwa vidole gumba nikaila pale pale nimesimama. Nililia, rafiki yangu, tena kwa sauti.

Niliporudi barazani nimejaza sahani, nilimuuliza mti ule ameupata wapi.

"Kwa lile tawi," alisema. "Kila mwaka bibi yako alikata yote akaniachia hilo moja. Wadhani alisahau?"

"Aliniambia ni makusudi, upate kazi ya kufagia."

"Na mie nikafagia." Akapapasa sahani, akapata tini, akaipasua, akaila amefumba macho. "Maji matupu," akasema, na mkono wake ukaenda kwenye ya pili.

Nilipoaga alinikatia kijiti mwenyewe, akipapasa tawi mpaka akaona pa kukata, akakifunga kwa kitambaa kibichi. Akanipa na sahani ile ya waridi, imejaa.

"Sahani yangu haijapata kurudi tupu," alisema. "Na usiniletee vile vya plastiki vya ami yako. Alinipa nikavionja, nikamtupia kuku, kuku akaniangalia. Panda hicho. Kikizaa, ndipo unirejeshee."

"Kitachukua muda, mama."

"Basi wasimama hapa wangoja nini?"

Kijiti kiko Tezo sasa, kimetoa majani. Nakinywesha maji ya kuoshea samaki, na paka wa mtaa mzima wamehamia kwangu. Sahani nimeiweka juu ya kabati, na hakuna ruhusa ya kulia chakula humo. Kila Ijumaa nampigia jirani simu kumjulia hali, na kila Ijumaa ananiuliza mti umefika wapi, nikimwambia ananicheka, anasema bibi yangu angekuwa amekwisha kula. Nikikata simu naingiwa na hofu. Mtini hauna haraka, na yeye umri umemtupa mkono.

Zamani nilidhani kilichokwisha pale Mambrui ni tini nyeupe. Sasa naona tini haikwisha, na Mungu akipenda haitakwisha. Waliokwisha ni watu wa kuzitukana inavyostahili na kuimaliza sahani. Nimebakiwa naye mmoja.